Bosi anataka nifute sentensi moja kwenye tangazo la kazi kwa sababu ya hukumu ya Marekani. Naomba ushauri

BintiMsambweni – Jumapili, saa 3:12 usiku

Shikamooni wakubwa. Wadogo zangu hamjambo.

Mimi ni ofisa utumishi katika kiwanda kimoja cha mkonge hapa Tanga, jina lake naomba niliache. Tunasokota kamba na kufuma mazulia. Tupo wafanyakazi 140, na ukipita getini saa moja kasoro asubuhi utadhani ni mnada wa baiskeli: watu wanatoka Makorora, Mabawa, wengine Pongwe kabisa.

Mwezi uliopita tulitangaza nafasi sita za mafundi wanafunzi katika karakana ya matengenezo. Karakana hiyo haijapata kuwa na mwanamke tangu niajiriwe, na huu ni mwaka wangu wa saba. Wanawake wako kwenye mazulia na kwenye kufungasha, ambako mshahara hauzidi hapo ulipo hata ukizeeka nao. Nilihangaika tangu Januari mpaka uongozi ukakubali mambo mawili. La kwanza, nafasi mbili kati ya hizo sita zitengwe kwa wanawake wenye cheti cha ufundi. La pili, chini ya tangazo iandikwe: "Wanawake na watu wenye ulemavu wanahimizwa kuomba." Yakaja maombi 71, na tisa yalikuwa ya wanawake. Mwaka juzi, tulipotangaza bila sentensi hiyo, hakuomba mwanamke hata mmoja.

Ijumaa ikafika fomu kutoka kwa mnunuzi wetu wa Marekani. Yeye ana mikataba na serikali ya kwao, sasa anatutaka tusaini kwamba hatuendeshi mpango wowote wa upendeleo unaovunja sheria za shirikisho za Marekani za kuzuia ubaguzi. Bosi akaniita. "Wamarekani wenyewe mahakama yao imeshapiga marufuku mambo haya," akasema. "Futa hiyo sentensi, zile nafasi mbili zirudi kapuni na zile nyingine. Na yule kiziwi mwache kwanza, tusijitafutie kesi."

Yule kiziwi ana jina. Hapa nitamwita Omari, si jina lake. Ana cheti cha VETA cha umeme, na katika mtihani wa kuandika alikuwa wa tatu kati ya watu 71. Siku ya vitendo tulimpa mota iliyoungua. Akaifungua, akaikagua, akapangusa mikono, akaandika kwenye karatasi ubovu uko wapi na nini kitasababisha iungue tena kama hatutarekebisha. Fundi mkuu alisoma mara mbili, akanitazama, hakusema neno. Huyu hakupendelewa na mtu. Kilichobaki kwake ni mahojiano ya ana kwa ana Alhamisi hii.

Halafu kuna binti mmoja amekuwa wa kumi na moja. Nilipofungua daftari lake la fildi, nikakuta kwamba katika karakana aliyopelekwa, wiki nane zote, msimamizi amejaza kwa mkono wake mwenyewe: "usafi wa karakana". Wiki nane! Wenzake wa kiume waliokuwa naye hapohapo wameandikiwa giaboksi, beringi, kuchomelea. Sisi tumekuja kumpa mtihani wa giaboksi, tunasema wote wamepimwa kwa mizani moja. Nimekaa na lile daftari usiku kucha.

Sasa nauliza. Hiyo hukumu ya Marekani inasema nini hasa, na mambo yanaelekea wapi huko? Inatufikia sisi huku? Na sheria yetu wenyewe inasemaje? Bosi anataka jibu Jumatano. Si mtu mbaya. Anaogopa kumpoteza mnunuzi, na mnunuzi huyo akiondoka ni mishahara ya watu inaondoka.

MtangaOhio – Jumapili, saa 5:40 usiku

Dada, salamu kutoka Columbus. Nimezaliwa Ngamiani, barabara ya kumi na mbili, huku nina mwaka wa kumi na tisa. Nafanya kazi ya usaidizi katika ofisi ya mawakili wa kesi za ajira. Mimi si wakili, lakini mafaili ya mambo haya ndiyo nashinda nayo.

Bosi wako amechukua mambo matatu akayafunga mzigo mmoja. Tuufungue.

Hukumu anayoisikia ni ya tarehe 29 Juni 2023. Kikundi kiitwacho Students for Fair Admissions kilivishtaki vyuo vikuu viwili, Harvard na North Carolina. Mahakama ya Juu ikaamua kwa majaji 6 dhidi ya 3 kwa North Carolina, na 6 dhidi ya 2 kwa Harvard, maana Jaji Ketanji Brown Jackson alijitoa kwenye hiyo. Jaji Mkuu John Roberts aliandika kwamba chuo hakiruhusiwi kumwongezea mwombaji uzito kwa sababu ya rangi yake. Mjadala wenyewe ni wa zamani. Mwaka 1978, katika kesi ya Bakke, shule ya udaktari ya Davis kule California ilikuwa imetenga nafasi 16 kati ya 100 kwa waombaji wa makundi ya wachache. Mahakama ikakataa kota, ila ikaacha rangi iwe jambo moja kati ya mengi ya kutazamwa. Mwaka 2003 Jaji Sandra Day O'Connor akairuhusu tena hali hiyo, akaandika kwamba anatarajia baada ya miaka 25 haitahitajika. Haikufika 25. Ilifika 20.

Matokeo tumeyaona. Katika chuo cha MIT, darasa la kwanza kuingia baada ya hukumu, wanafunzi weusi walishuka kutoka kama asilimia 13 hadi 5. Harvard kutoka 18 hadi 14. Binti yangu aliomba vyuo msimu wa pili baada ya hapo. Kisanduku cha kujaza rangi bado kipo kwenye fomu, lakini vyuo vinaweza kuomba wafichwe majibu yake. Roberts aliacha mlango mmoja: mwombaji anaweza kuandika katika insha jinsi rangi yake ilivyogusa maisha yake, mradi chuo kimpime yeye kama mtu, kwa ujasiri au uwezo alioonyesha. Binti yangu aliandika jinsi alivyokuwa akimtafsiria mama yake hospitalini akiwa na miaka tisa, daktari anasema neno zito na yeye analitafutia Kiswahili chake. Aliifuta insha ile mara nne. Aliniuliza, "Baba, nikiandika habari za rangi nitaonekana najiuza?" Sikuwa na la kumjibu, na mpaka leo swali lile linanikera.

Hiyo ni hukumu ya udahili wa vyuo. Ajira ina sheria nyingine, Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, sehemu yake ya saba. Na hapa ndipo ningependa bosi wako asome kesi moja kwa utulivu. Hukumu yake ni ya mwaka 1987. Kaunti ya Santa Clara, California, idara ya barabara ilikuwa na nafasi 238 za ufundi na hakuna hata moja iliyokuwa na mwanamke. Ikatoka nafasi moja. Paul Johnson alipata alama 75 kwenye usaili, Diane Joyce alipata 73. Wakampa Diane. Johnson akashtaki mpaka Mahakama ya Juu, akashindwa, 6 kwa 3. Majaji walisema mpango ule ulikuwa wa kiasi, haukumfungia mtu mlango, na ulikuwa unarekebisha pengo lililoonekana wazi. Dada, soma tena maelezo ya karakana yako halafu soma kesi hii.

Siwezi kukudanganya kwamba kesi ile iko salama. Haijafutwa, lakini mawakili wetu hapa hawamshauri mwajiri yeyote aiegemee, maana majaji wa leo si wale. Tarehe 5 Juni 2025, katika kesi ya Marlean Ames iliyotoka hapahapa Ohio, majaji wote tisa walikubaliana kwamba mtu wa kundi la wengi akidai kubaguliwa hapaswi kuwekewa kizingiti kirefu kuliko mtu wa kundi la wachache. Aliyeandika hukumu ni Jaji Jackson huyohuyo. Kwa hiyo vita vinatoka vyuoni vinaingia maofisini. Nafasi iliyotengwa kwa rangi au jinsia, kwa mwajiri wa Marekani, iko hatarini kila mwaka zaidi. Kutangaza kazi mahali ambapo hukuwa ukitangaza, kuhimiza watu waombe, kuondoa sharti lisilo na maana kwenye usaili, hayo yanasimama vizuri zaidi.

Jambo la tatu ni hiyo fomu. Chimbuko lake ni amri ya Rais Trump ya tarehe 21 Januari 2025, iliyofuta amri ya Rais Lyndon Johnson ya 1965 iliyokuwa inawataka wakandarasi wa serikali wachukue hatua za kuinua waliobaguliwa. Amri mpya inawataka wenye mikataba wathibitishe kwamba hawana mipango inayovunja sheria za ubaguzi. Februari jaji mmoja wa Maryland aliisimamisha, Machi mahakama ya rufaa ikaruhusu iendelee. Lakini amri ya rais haitungi sheria mpya ya ubaguzi, na fomu inasema "unaovunja sheria". Sheria ile ya 1964 yenyewe inatamka kwamba haimgusi mwajiri kwa ajira ya wasio raia wa Marekani walio nje ya Marekani. Mswahili wa Tanga anayeajiriwa Tanga hamo.

Na kuhusu Omari, nimeguna peke yangu ofisini. Amri ya 2025 haikufuta Sheria ya Urekebishaji ya 1973, ambayo inawataka wakandarasi wa serikali wachukue hatua za kuajiri watu wenye ulemavu. Na sheria ya ulemavu ya huku haimruhusu mtu kushtaki eti amebaguliwa kwa kuwa yeye ni mzima. Hata kiwanda chenu kingekuwa hapa Columbus, kumwita Omari kwenye mahojiano si kosa kwa yeyote.

WakiliPwani – Jumatatu, saa 1:25 asubuhi

Ndugu wa Ohio amemaliza ya huko. Nije ya nyumbani, kwa ufupi maana nawahi mahakamani.

Bi Msambweni, Katiba yetu ibara ya 13 inakataza ubaguzi, kisha katika fasili yenyewe ya ubaguzi inasema neno hilo lisitafsiriwe kuizuia Serikali kuchukua hatua za makusudi za kurekebisha matatizo katika jamii. Viti maalumu vya wanawake bungeni, visivyopungua asilimia 30, vimo ndani ya Katiba hiyohiyo. Wamarekani hawana maneno kama hayo kwenye katiba yao. Majaji wao wanabishana juu ya sentensi moja ya mwaka 1868, inayotaka kila mtu alindwe sawa na sheria. Sisi jibu tumeliandika.

Kwa upande wa mwajiri binafsi soma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7. Kinataja rangi, kabila, mahali mtu alipotoka, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu, hali ya maisha na mengine. Ndani yake mna mambo matatu ambayo bosi wako pengine hajawahi kuyaona. Hatua za kuinua waliobaki nyuma zinazoendana na kukuza usawa, hazihesabiwi kuwa ubaguzi. Mwajiri anatakiwa asajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kukuza usawa wa fursa. Na "mfanyakazi" katika kifungu hiki ni pamoja na mwombaji wa kazi, tena akionyesha dalili za kubaguliwa, mzigo wa kuthibitisha kinyume unahamia kwa mwajiri.

Sasa piga hesabu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, kifungu cha 31: mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea, angalau asilimia 3 wawe watu wenye ulemavu. Asilimia 3 ya 140 ni wanne na ushei. Nyie mnao wangapi? Kesi anayoiogopa bosi wako kutoka Marekani iko hapa Tanga. Omari akiachwa wakati alikuwa wa tatu, ana siku 60 za kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na ile karatasi ya mota ndiyo ushahidi wake. Usiitupe.

Zile nafasi mbili: ziweke ndani ya mpango wa maandishi. Taja pengo lililopo, taja sababu, taja lini mtapitia upya. Na fomu msisaini kimyakimya wala msikatae kimyakimya. Mwandikieni mnunuzi kwamba mnaajiri chini ya sheria za Tanzania, mkazitaja, na mumwombe athibitishe kwa maandishi kwamba fomu inahusu sheria zinazomhusu yeye.

FundiSpana – Jumatatu, saa 7:50 mchana

Mimi nitasema ambalo halitapendwa, ila nalisema kwa uchungu wangu.

Miaka minne iliyopita nilifanya usaili mahali fulani, sipataji. Nafasi zilikuwa mbili. Nikawa wa pili. Moja ilikuwa ya mwanamke, akachukua dada aliyekuwa wa tano. Sawa, sheria ndivyo inavyosema, nimesoma hapo juu. Lakini yule dada aliletwa usaili kwa gari la baba yake na dereva. Mimi baba yangu alikata mkonge Magoma tangu kijana mpaka vidole vya mkono wa kulia vikakunjika, havifunguki. Mimi ndiye wa kwanza kwetu kushika cheti. Niliendesha bodaboda miezi 14 baada ya hapo, cheti kimo kwenye mfuko wa nailoni chini ya kitanda.

Nani alinihesabu mimi? Katika jedwali lao nilikuwa "mwanaume", basi. Watu wa Ohio wanalia rangi, nyie mnalia jinsia, na sisi watoto wa manamba, vibarua wa mashamba ya mkonge, tumo wapi? Mkitenga nafasi, angalieni mtu ametoka wapi.

BintiMsambweni – Jumatatu, saa 2:05 usiku

WakiliPwani, MtangaOhio, Mungu awalipe. Nimechapa yote. Tunaye mfanyakazi mmoja tu mwenye ulemavu, mlinzi wa getini, na kila mwaka nilikuwa naijua ile asilimia 3 na sikuipigia kelele. Hilo ni langu, silitupi kwa bosi.

Kaka FundiSpana, nimesoma yako mara tatu. Sina jibu litakalokurudishia miezi 14. Sitakwambia ulikosea kuumia.

Ila nikwambie ninachokiona kutoka kwenye kiti hiki. Binti wangu wa kumi na moja si mtoto wa gari na dereva. Mama yake anauza mbaazi na maandazi Mwanzange alfajiri, nimewahi kununua kwake kabla sijajua ana binti fundi. Wewe na yeye mmefungiwa mlango mmoja, yeye akaongezewa komeo la pili: hata alipoingia karakana alipewa ufagio. Nikiacha nafasi hizi mbili zirudi kapuni, hazitakuja kwa mtoto wa mkata mkonge. Mwaka juzi zote zilikwenda kwa watu wanaojuana na watu wa ofisini, na hapo hapakuwa na sentensi ya wanawake ya kulaumu.

Maneno yako yamenibadilishia kitu lakini. Nimekaa na fundi mkuu leo mchana. Nimemwomba kabla ya uamuzi wa mwisho, waombaji 14 wa kwanza, wanaume kwa wanawake, tuwape siku kumi karakana kwa posho ya nauli na chakula, kila mmoja afungue giaboksi kwa mikono yake, kisha ndiyo tupime vitendo upya. Atakayekuwa amenyimwa mashine chuoni au kwenye fildi kwa sababu yoyote, umaskini au usichana, awe amezishika. Tena safu ya "mwombaji anamjua nani hapa" nataka ijazwe na iwekwe wazi kwa jopo. Nafasi mbili zitabaki palepale. Lakini wewe ungekuwa mwombaji wangu, ungenipata nimekuhesabu.

MzeeKorona – Jumanne, saa 11:30 alfajiri

Wanangu, nimeamshwa na swala, nikakuta mjukuu ameniachia simu ikiwa kwenye mazungumzo haya. Nimesoma yote. Nina umri wa miaka 77.

FundiSpana amesema manamba, nami ni mtoto wa manamba. Baba yangu alitoka Kigoma kwa mkataba, akashushwa hapa Tanga kwenye mashamba, akapewa namba kabla hajapewa panga. Nilikulia kando ya korona, yaani mtambo wa kukamua mkonge, harufu ya singa mbichi, nyuzi zake, naijua kuliko ya ubani. Wakati huo palikuwa na shule za Wazungu, shule za Wahindi na shule za Waafrika, na hukuhitaji kuuliza ipi yako. Mwaka 1962 ndipo serikali ikazifanya shule za wote. Nakumbuka siku ya kwanza nilipokaa dawati moja na mtoto wa Kihindi, tulikuwa tunaogopana sote wawili, tumeshika kalamu tu hatuandiki.

Sasa niwaambie la Mwalimu Nyerere, maana nasikia vijana wanalitaja nusu. Baada ya Uhuru kazi serikalini zilikuwa zinatolewa kwa kumtanguliza Mwafrika. Ilikuwa haki, maana sisi tulikuwa tumefungiwa. Lakini Januari 1964 Mwalimu alitangaza kwamba hilo basi: raia ni raia, asitazamwe rangi katika kuajiriwa na kupandishwa cheo. Watu walikasirika. Mwezi huohuo askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, wakaasi, na mojawapo ya madai yao ni kwamba maofisa Waingereza waondoke. Marehemu baba alikuwa miongoni mwa waliokasirika. Alisema, "Mimi sijapanda hata ngazi moja, ngazi imeshaondolewa." Nilikuwa na miaka kumi na sita, nikamwona Mwalimu ana haki na baba yangu ana haki, na sikujua niwaweke wapi.

Lakini angalieni na hili. Mwalimu yuleyule aliyefuta rangi, serikali yake miaka ya 1970 iligawa nafasi za kidato cha kwanza kwa mikoa na wilaya, kwa sababu palikuwa na mikoa yenye shule za misheni tangu zamani na mikoa ambayo mtoto anatembea nusu siku kufika darasani. Mtoto wa huku aliingia kwa alama ambazo mtoto wa kule asingeingia nazo. Nilifundisha shule ya msingi miaka ishirini na sita. Nilikuwa na mtoto mmoja kutoka Handeni vijijini aliyepata kwa mgawo huo. Wazazi wa mjini walinijia juu, wakaniuliza kwa nini yule na si wao. Mtoto yule sasa ni mganga mkuu wa hospitali, na haikuwa kwa hisani; alipofika kule alisoma usiku na mchana. Nilikuwa na mwingine pia, wa mjini, alama zake nzuri, akakosa. Baba yake hakunisalimia tena mpaka alipokufa. Nilikwenda kumzika.

Bi Msambweni, mwambie bosi wako asiwaulize Wamarekani wakati hapa hapa Tanga kuna watu walioishi mambo yote mawili. Na lile daftari la yule binti lipeleke mezani, lifunguliwe mbele yake, alisome kwa macho yake.

BintiMsambweni – Jumatano, saa 1:48 usiku

Shikamoo Mzee. Nililipeleka.

Nimetoka mkutanoni sasa hivi. Bosi alisoma karatasi za WakiliPwani kwanza, akapiga hesabu ya asilimia 3 kwenye kikokotoo mara mbili. Halafu akauliza kama ni kweli kuhusu siku 60. Nikamwambia ni kweli. Kisha nikafungua daftari. Aligeuza kurasa zote nane, taratibu. Ana binti wa kidato cha tatu Raskazone. Sikusema neno, nilimwacha.

Sentensi kwenye tangazo inabaki. Mafunzo ya siku kumi yamekubaliwa, posho imepunguzwa kidogo kuliko nilivyoomba. Mpango wa usawa nimepewa niuandike mimi, uende kwa Kamishna wa Kazi kabla ya mwisho wa mwezi. Nafasi mbili za wanawake hajazikubali wala hajazikataa: amesema zinasubiri jibu la mnunuzi. Barua kwa mnunuzi imekwenda leo jioni, kwa maneno yaleyale ya wakili. Nimemwambia kama jibu litakuja baya nitauliza tena, na nitakuja kuwaeleza hapa.

Omari anakuja kesho saa nne. Mtu niliyeahidiwa wa kutafsiri amepiga simu saa moja iliyopita, yuko Muheza, ana msiba. Sitaki kumfanyia mahojiano kwa vikaratasi wakati wenzake wanaongea kwa raha zao. Kuna yeyote Tanga mjini anayejua lugha ya alama vizuri? Kiwanda kitalipa, na kisipolipa nitalipa mimi.

FundiSpana – Jumatano, saa 2:20 usiku

Mke wangu anafundisha kitengo cha viziwi. Tunakaa Chumbageni. Kesho asubuhi hana kipindi mpaka saa sita, nimeshamuuliza, anasema sawa, hataki malipo. Nitamleta mimi na pikipiki. Nielekeze geti tu.